Anza na Kiatu: Pedeli za Kunasa kwa Anayeanza Mtwara na Lindi

Mara ya kwanza nilipoanguka na pedeli za kunasa sikuwa hata kwenye mwendo. Nilikuwa nimesimama. Ilikuwa pale njia panda ya Mangamba. Lori lilikata kona, nikashika breki, baiskeli ikatulia, nikataka kuteremsha mguu kama nilivyozoea tangu utotoni. Mguu haukuja. Nikaenda ubavuni taratibu kama mnazi uliokatwa, mbele ya kijiwe cha bodaboda, na jamaa wakacheka kwa haki yao. Mmoja akaja kuniinua. "Pole mjomba," akasema. "Sasa hiyo baiskeli umeipanda au umeivaa?"

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya vifaa hivi. Pedeli ya kunasa huvaliwa. Kiatu ni nusu ya kifaa, na ndiyo nusu inayoamua mengine yote. Wengi wanaoniuliza huanza na pedeli: ipi nzuri, ipi nyepesi, ipi ya bei nafuu. Nami nilianza hivyohivyo, nikanunua pedeli ya kupendeza, kisha nikagundua kuwa kiatu kinachoiendea hakitembei kwenye mchanga wala kwenye ngazi. Nikanunua mara mbili. Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyume na nilivyokwenda mimi: kiatu kwanza, pedeli baadaye.

Kifaa chenyewe

Jina la kigeni, klipulesi, linachanganya watu kwa sababu maana yake ni "isiyo na klipu", ilhali mguu unanaswa kwelikweli. Klipu zinazotajwa ni vile vikapu vya chuma na mikanda ya ngozi ambavyo waendesha mbio wa zamani walifungia miguu. Kujitoa ilibidi uiname na kulegeza mkanda kwa mkono. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilihamishia ufundi huo kwenye pedeli. Mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio za baiskeli za Tour de France akiwa nazo, na vikapu vikaanza kuondoka. Mwaka 1990 Shimano wa Japani wakatoa mfumo wa SPD, wenye kipande kidogo cha chuma kinachozama ndani ya soli ili mtu aweze kushuka na kutembea. Huo wa 1990 ndio utakaotufaa sisi.

Kile kipande kinachofungwa chini ya kiatu kinaitwa kliti. Pedeli ina taya mbili, moja yake ikisukumwa na springi. Unaingiza ncha ya mbele ya kliti, unakanyaga, unasikia "tak!", umenasa. Kutoka, unazungusha kisigino kwenda nje, taya inaachia. Huvuti mguu juu na huvuti nyuma. Ni kisigino, nje, basi. Kosa langu la Mangamba lilikuwa kuvuta juu.

Je, unazihitaji?

Kama baiskeli yako ni Phoenix ya kubebea korosho kwenda ghalani, madumu ya maji au abiria, jibu ni hapana, na usimruhusu mtu akushawishi. Mzigo ukiyumba unahitaji mguu ardhini papo hapo. Vivyo hivyo kama safari zako ni kutoka Ligula hadi sokoni, kushuka na kupanda kila baada ya dakika mbili. Kandambili zinatosha, na raba ni bora zaidi.

Zinaanza kuwa na maana pale unapokaa juu ya baiskeli ya gia saa nzima na zaidi: Mtwara hadi Mikindani na kurudi alfajiri, Lindi hadi Mingoyo, au siku ukijitia moyo wa kupanda uwanda wa Makonde kwenda Newala. Hapo mguu unakaa mahali pamoja, hautelezi ukitota jasho au mvua, na barabara mbovu haikurushi kutoka kwenye pedeli. Usitarajie mbio za ajabu. Husemwa kwamba mguu unaopanda nao unavuta, kwa hiyo nguvu inaongezeka maradufu. Ukweli ni kwamba kazi karibu yote hufanywa na mguu unaoshuka. Faida utakayoihisi ni utulivu, na utulivu kwa kilomita sitini si jambo dogo.

Kama bado unasitasita, kuna njia ya kati: pedeli bapa pana zenye vijino vya chuma, pamoja na raba yenye soli ngumu. Haikunasi, haikuangushi, na inashika vizuri. Mimi ningeanza hapo kama ningekuwa na uvumilivu.

Hatua ya 1: Hesabu matundu chini ya kiatu

Geuza kiatu chochote cha baiskeli utazame soli. Utaona moja kati ya mambo mawili.

Matundu matatu yaliyokaa pembetatu: hicho ni cha barabara, cha mbio. Kliti yake ni kubwa, ya plastiki, na imetokeza nje ya soli. SPD-SL ya Shimano na KEO ya Look ziko kundi hili. Ni vifaa vizuri sana kwa mtu anayetoka nyumbani, anaendesha lami saa nne, anarudi nyumbani. Ila kutembea navyo ni kama bata aliyevaa sahani. Plastiki inalika kwenye zege na kokoto, inateleza kwenye sakafu ya vigae, na mchanga ukiingia chini yake huingii tena kwenye pedeli mpaka uukwangue.

Mifereji miwili midogo iliyolala sambamba katikati ya soli: hicho ni cha matundu mawili, cha SPD, ambacho wauzaji hukiita cha baiskeli ya mlima hata kama kitatumika lami tupu. Kliti yake ni ya chuma, ndogo kama kipande cha biskuti, na imezungukwa na mpira wa soli. Unashuka, unatembea, unaingia dukani, unasukuma baiskeli kwenye mchanga wa njia ya Msimbati bila kuonekana kichekesho.

Kwa Mtwara na Lindi sioni mjadala. Chukua matundu mawili. Hata waendeshaji wazuri wa lami hapa kwetu hushuka: mbuzi wamekaa barabarani, lami imekatika imebaki vumbi jekundu, pancha inakufikia mbali na kijiji. Kiatu kisichotembea ni kiatu cha nchi nyingine.

Wapo watakaokuambia kuna kiunganishi cha kufunga kliti ya matundu mawili kwenye kiatu cha matundu matatu. Kipo, lakini kliti hukaa imetokeza nje ya soli na unarudi kulekule kwa bata.

Hatua ya 2: Chagua kiatu

Pima mguu kwanza. Simama juu ya karatasi, kisigino kimegusa ukuta, weka alama kwenye kidole kirefu zaidi, pima kwa sentimita. Pima miguu yote miwili, ufuate ule mkubwa. Kisha tafuta jedwali la mtengenezaji wa kiatu unachokitaka, maana namba 42 ya huyu ni 43 ya yule. Fanya kazi hii jioni, miguu ikiwa imevimba kwa joto la mchana, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa ukiwa barabarani saa nne asubuhi jua la Lindi limeshachachamaa.

Ukikivaa, mambo matatu tu. Kisigino kisipande ukiinua mguu. Vidole viwe na nafasi ya kucheza mbele, visiguse ncha. Na pembeni, pale mguu ulipo mpana zaidi, pasibane. Hapo pa tatu ndipo watu wengi wa kwetu, tuliokua peku na kandambili, tunapoteseka, kwa sababu viatu vingi vya baiskeli vimekatwa vyembamba. Watengenezaji kadhaa wana toleo pana la kiatu kilekile. Liulizie. Kiatu hakiachii kama raba. Kikibana dukani, kitabana mpaka mwisho wa maisha yake.

Ugumu wa soli: jaribu kukikunja kwa mikono miwili. Kikikunjika kama raba ya mazoezi, nyayo zitauma kwa sababu pedeli ya SPD ni ndogo na uzito wote unaishia pale. Kikiwa kigumu kama ubao, ni cha mbio, na kutembea kutakuwa taabu. Unataka cha kati: kinabisha katikati, lakini kinaachia kidogo kwenye vidole.

Vifungio ni hiari yako. Kamba ni rahisi kutengeneza popote, ila hakikisha zina mahali pa kuchomekwa, zisije zikaviringika kwenye kranki, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli. Mikanda ya velkro ni nzuri na ya haraka, lakini mchanga mwembamba na nyuzi za majani huijaza ikapoteza mshiko, basi uisafishe kwa mswaki mkavu. Vile vifungo vya kuzungusha kama swichi ya redio vinapendeza sana. Vikikatika, Mtwara nzima hupati waya wake. Rangi nayo, epuka nyeupe. Sina haja ya kueleza kwa mtu aliyewahi kupita Nanyamba msimu wa vumbi.

Sasa mitumba, kwa sababu najua ndipo wengi mtakapotazama, nami nimevaa vya mitumba miaka mingi. Marobota huwa na viatu vya baiskeli ambavyo muuzaji mwenyewe hajui ni vya nini. Anakiona chuma chini, anadhani ni cha kuchezea mpira. Unaweza kupata kitu cha maana kwa bei ya raba. Lakini kagua hivi. Bonyeza soli kwa ukucha, hasa kwenye kisigino. Baadhi ya soli za povu la plastiki huoza zenyewe kwa miaka na unyevu, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Ukucha ukizama, au unga ukitoka, kirudishe. Niliwahi kununua jozi safi kama mpya, na siku ya tatu soli ikabaki barabarani vipandevipande kama mkate uliolowa. Kisha toa soli ya ndani uangalie bamba la chuma lenye matundu ya skrubu: lipo? Meno ya tundu ni mazima? Kama kuna kliti ya zamani, jaribu kufungua skrubu zake palepale kabla ya kulipa. Skrubu iliyoshikana kwa kutu au iliyoviringwa tundu lake itakugharimu nusu siku ya kukereza. Viatu vingine vya matundu mawili vinakuja vimezibwa kipande cha mpira pale pa kliti. Hicho si kasoro, kinafunguliwa kwa skrubu au kukatwa kwa kisu.

Hatua ya 3: Chagua pedeli

Ukishaamua kiatu cha matundu mawili, pedeli ni jambo jepesi.

Ya kwanza ni ile yenye upande mmoja wa kunasa na upande mwingine bapa. Shimano EH500 ni mfano wake. Siku ya kwenda sokoni unavaa ndala na kutumia upande bapa, siku ya safari unatumia wa pili. Udhia wake ni kwamba kila unapoondoka lazima uutafute upande kwa kidole cha mguu. Kwa baiskeli moja ndani ya nyumba, inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, ndiyo ninayoipendekeza.

Ya pili ni ya kunasa pande zote mbili, kama Shimano M520. Ndogo, nzito kidogo, imara. Huitazami: unakanyaga tu. Kwa anayeanza ambaye ameshaamua, ni rahisi kuijua kuliko ya kwanza, maana anapoondoka kwenye foleni ana jambo moja pungufu la kufikiria.

Zipo nyingine. Crankbrothers wana pedeli isiyo na mwili, ni kama kipigio cha mayai chenye pande nne za kunasa, na inapitisha tope na mchanga vizuri kuliko nyingi. Ukipita sana njia za mchanga itakufaa. Ila kliti zake ni za shaba, zinalika haraka, na hazibadilishani na za SPD. Usiwe wa kwanza na wa pekee mjini kuwa na mfumo wake. Nunua kile ambacho ukikwama, mwenzako wa Masasi au Dar es Salaam anaweza kukuazima kliti.

Pedeli za bei nafuu zinazodai kufanana na SPD ni nyingi Kariakoo na mitandaoni, na baadhi ni nzuri tu. Kanuni yangu: tumia kliti zilizotoka kwenye boksi la pedeli hiyohiyo. Tofauti ya nusu milimita inatosha kufanya kutoka kuwa kugumu. Kabla ya kulipa, shika mhimili, zungusha pedeli: izunguke laini bila kukwaruza, na ukiitikisa isichezecheze. Tazama kama ina skrubu ya kurekebisha springi, kwa kawaida ya milimita 3, yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Isiyo na skrubu hiyo, mwachie muuzaji.

Na jambo linalowashtua wengi baada ya kifurushi kushushwa kwenye basi la Dar: kliti huja na pedeli, haziji na viatu. Ukinunua pedeli iliyotumika, ulizia kliti zake.

Zipo kliti za aina mbili kwa SPD, na hapa anayeanza ana bahati. Ile inayokuja kwenye boksi mara nyingi ni SH51, inayotoka kwa kuzungusha kisigino tu. Ile ya pili, SH56, inatoka kwa kuzungusha na pia kwa kuvuta mguu kwa nguvu kwenda juu au kwa mshazari. Mtu mwoga, na namaanisha mtu mwenye akili, aanze na SH56. Kama ningekuwa nayo siku ile, bodaboda wa Mangamba wangekosa burudani.

Hatua ya 4: Funga pedeli kwenye kranki

Hakikisha kipimo cha uzi wa kranki yako, yaani ile mistari ya skrubu ndani ya tundu la pedeli. Baiskeli nyingi za watu wazima zina tundu la inchi 9/16, na pedeli karibu zote za kunasa ni za kipimo hicho. Baiskeli za watoto na zile ambazo kranki mbili ni chuma kimoja kilichokunjwa mara nyingi ni inchi 1/2, na hapo pedeli hizi haziingii.

Utahitaji spana ya 15 nyembamba, au alenki (ufunguo wa pembe sita) ya 6 au 8 inayoingia kwa nyuma ya mhimili, na grisi. Usiruke grisi. Kwa hewa hii ya chumvi ya Shangani na Mikindani, chuma cha pedeli na alumini ya kranki hushikana kama ndugu wa damu, na kuja kuzitenganisha mwakani utaita watu watatu.

Kisha jambo ambalo kila mtu hulijua baada ya kuharibu: pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume. Nilijifunza nikiwa nimening'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, nikiikaza huku nikiamini ninailegeza. Fundi mmoja mzee, aliyekuwa akiziba pancha pembeni, alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kunihurumia. "Mjukuu wangu, huyo wa kushoto amezaliwa kinyume. Mlegeze kwa kumkaza." Namna rahisi ya kukumbuka: pande zote mbili, spana ikiwa imesimama juu ya mhimili, kukaza ni kuisukuma kuelekea gurudumu la mbele, kulegeza ni kuivuta kuelekea la nyuma. Pedeli zimeandikwa L kwa kushoto na R kwa kulia. Anza kwa vidole mpaka uzi uingie mizunguko mitatu au minne bila ubishi. Ukibisha, toa uanze upya. Alumini haina msamaha.

Hatua ya 5: Funga kliti

Hapa usiwe na haraka. Goti linaloharibika kwa pedeli za kunasa, mara nyingi linaharibikia hapa, mezani, kabla ya safari.

Vaa kiatu. Papasa kwa kidole upande wa ndani utafute kifundo cha dole gumba, lile nundu mguu unapoanza kukunjika. Weka alama kwa kalamu pembeni mwa kiatu. Papasa upande wa nje utafute kifundo cha kidole kidogo, kiko nyuma zaidi kidogo. Weka alama. Vua, geuza kiatu, vuta mstari wa kufikirika kati ya alama mbili. Katikati ya kliti ikae katikati ya mstari huo, au nyuma yake kidogo. Ukikosea, kosea kwenda nyuma: kliti iliyo mbele sana huchosha shavu la mguu na kuuma kisigino kwa juu.

Halafu pembe. Kaa juu ya meza ndefu miguu ikining'inia huru, utazame vidole vinaelekea wapi. Wengine vinatazama nje, wengine mbele, na mara nyingi miguu miwili hailingani. Kliti ifuate mguu wako ulivyo. Usijaribu kuunyoosha mguu aliokupa Mungu. SPD ina mchezo mdogo, digrii chache za kuzungukazunguka kabla haijaachia, na mchezo huo utasamehe kosa dogo, si kubwa.

Tia grisi kwenye skrubu, zifunge kwa alenki ya 4, kwanza kwa wastani. Endesha mtaa mmoja, rudi, rekebisha. Ukiridhika, kaza kwelikweli. Kipimo cha watengenezaji ni nyutonimita (Nm) 5 hadi 6, na kama huna spana ya kupimia, maana yake ni kukaza kwa mkono mmoja mpaka alenki fupi ianze kukuuma kiganjani. Meno ya kliti yatauma soli. Chora mzingo wake kwa kalamu ya wino usiofutika, ili siku ya kubadilisha urudishe palepale.

Soli ya kiatu hiki huenda ni nene au nyembamba kuliko raba uliyozoea, kwa hiyo angalia tena kimo cha kiti. Milimita chache tu zinatosha. Safari mbili tatu za mwanzo zisizidi nusu saa. Goti likiuma mbele, mshuku kwanza kiti kilicho chini mno. Likiuma pembeni, ndani au nje, mshuku pembe ya kliti, uigeuze kidogo kama upana wa ukucha, si zaidi, kisha jaribu tena. Nyayo zikifa ganzi, legeza kiatu kabla ya kulaumu kitu kingine.

Hatua ya 6: Jifunze kutoka kabla ya kujifunza kwenda

Legeza springi za pande zote hadi karibu na mwisho wa alama ya kutoa. Jozi ya pedeli za pande mbili ina skrubu nne kwa jumla, usisahau yoyote. Ukisahau moja, ndiyo itakayokuangusha.

Shika ukuta au mti wa mwembe uani. Ingiza mguu mmoja, toa. Ingiza, toa. Mara thelathini. Kisha mwingine. Watoto watakuja kutazama, waache. Baada ya hapo nenda uwanja wenye nyasi au mchanga ulioshikana, endesha taratibu, simama kila baada ya mita ishirini. Lengo ni kisigino kizunguke chenyewe kabla akili haijaamka.

Kanuni inayookoa ngozi ya magoti: toa mguu kabla ya kuhitaji kuutoa. Ukiona tuta mbele, mbuzi wanajadiliana, bajaji imewasha taa ya kugeuka au haijawasha, mguu mmoja uwe nje tayari, umekaa juu ya pedeli bila kunaswa. Na uwe mguu wa kushoto. Sisi tunapita kushoto mwa barabara, basi ukingo uko upande huo, na ukiegemea unaegemea majani, si magurudumu ya lori la saruji. Wengi wana mguu wanaoupenda na ni wa kulia. Uzoeze wa kushoto hata kama unalalamika.

Tena, ukitoa mguu wa kushoto, hamishia uzito wa mwili upande huohuo. Watu hutoa mguu wa kushoto halafu wanaangukia kulia, na hakuna namna ya kulieleza hilo kwa waliokaa kijiweni.

Utaanguka mara moja, pengine mbili. Angalia zaidi mikono kuliko aibu: usitandaze kiganja kuzuia lami. Vaa glavu, na kofia ngumu bila shaka. Baada ya wiki mbili tatu, ukiona mguu unachomoka wenyewe ukiwa unapanda kilima, ongeza springi kwa mbofyo mmoja kila upande. Mimi baada ya miaka yote hii bado sijafika katikati ya kipimo.

Chumvi na mchanga

Huku pwani kliti hufa kwa mchanga na skrubu hufa kwa chumvi. Ukitoka Msimbati au ufukweni popote, kung'uta viatu, piga pedeli maji kidogo ya bomba, kausha kwa kitambaa, kisha tone moja la oili nyepesi kwenye springi na taya. Tone moja. Oili nyingi inakusanya mchanga ikawa msasa. Viatu vikaushie kivulini, soli ya ndani imetolewa, karatasi kavu imejazwa ndani. Ukivianika bati la juu gundi itaachia.

Kliti imechoka ukiona mguu unachezacheza kuliko zamani, au unachomoka bila kuombwa ilhali springi imekazwa. Wakati mwingine dalili ni kinyume: kutoka kunakuwa kugumu na kwa kusitasita, kwa kuwa kingo zimelika vibaya. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

Kila baada ya wiki kadhaa pitisha alenki ya 4 kwenye skrubu za kliti. Sisemi hivi kwa nadharia. Skrubu moja iliwahi kunidondokea bila kujua, mahali fulani kabla ya kuteremkia Mikindani, na kliti ikabaki imeshikwa na skrubu moja. Nilipofika pwani nikazungusha kisigino: kiatu kikageuka, kliti ikabaki palepale imenaswa. Nikazungusha tena, vivyo hivyo. Ikikutokea, usibishane nayo. Endelea kunyonga taratibu, mguu mwingine uwe nje, tafuta kitu cha kuegemea, fungua kamba, uchomoe mguu ukiache kiatu kwenye pedeli. Mimi niliegemea ukuta wa nyumba moja ya mawe, nikashuka na soksi moja, kiatu kikining'inia kwenye baiskeli kama samaki kwenye ndoana, na bibi mmoja aliyekuwa akichoma mihogo akanisogezea kigoda bila kuuliza swali. Alenki ilikuwa nyumbani. Siku hizi inakaa kwenye mfuko wa chini ya kiti, pamoja na skrubu mbili za akiba zilizofungwa kwenye kipande cha mpira wa tyubu.